Katekista aliyekunywa maji siku ya kufunga

Katika parokia moja ya Katuba, hapa Lubumbashi, wengi walimfahamu Baba Katekista kwa chupa yake. Ilikaa kando ya Biblia, chupa ya plastiki ya lita moja na nusu, na kila baada ya kurasa chache za katekisimu alinyamaza akanywa. Alikunywa Jumatano ya Majivu. Alikunywa Ijumaa Kuu, mbele za watu, na wageni wa parokia wakanong'ona. Alikuwa na SS, yaani drepanositozi, ugonjwa ambao ndugu zetu wa Tanzania huuita selimundu. Ameaga dunia akiwa amevuka miaka hamsini. Mimi ni daktari, na sehemu kubwa ya wagonjwa wangu ni wa damu. Nilimtibu kwa muda mrefu. Familia imekubali niandike habari zake, ila jina nisilitaje.

SS huanzia kwenye jambo dogo mno. Katika mnyororo wa beta wa hemoglobini, ile protini ya damu inayobeba oksijeni, asidi amino ya sita imebadilika: pale pa glutamiki imekaa valini. Basi. Hemoglobini hiyo ikishaachia oksijeni, molekuli zake hushikana zikawa nyuzi ngumu, na chembe nyekundu, ambayo kwa kawaida ni laini na hupenya popote, hujikunja kama mundu. Chembe ikipungukiwa maji, hemoglobini husongamana ndani yake na nyuzi hujitengeneza upesi zaidi. Mishipa midogo huziba, mifupa hukosa oksijeni, na mgonjwa hulia usiku kucha. Tena chembe hizo hazidumu. Za kawaida huishi siku 120 hivi. Za SS siku 10 hadi 20. Zikivunjika huacha rangi ya manjano mwilini, ndiyo maana macho ya Baba Katekista yalikuwa ya manjano hata siku alizokuwa mzima wa kucheka.

Sasa tuje kwenye kufunga kavu, kule kukaa bila chakula wala tone la maji, siku moja, mara nyingine tatu. Mtu mwenye afya akiacha kunywa, figo zake hubana mkojo na kuhifadhi maji. Figo za SS haziwezi. Kule ndani kabisa ya figo oksijeni ni kidogo, kwa hiyo chembe hujikunja na kuharibu sehemu ileile inayokaza mkojo, na uharibifu huo huanza utotoni. Mgonjwa asipokunywa anaendelea kukojoa mkojo mwepisi kana kwamba amekunywa. Kwa hiyo anakauka upesi kuliko jirani yake aliyefunga naye, na wala si kwa sababu imani yake ni pungufu.

Kinachonishangaza ni kwamba sheria ya Kanisa Katoliki haidai hayo. Mfungo wa Kwaresima haukatazi maji, na wagonjwa wamesamehewa. Hata ile saa moja kabla ya komunyo, maji na dawa vinaruhusiwa. Imeandikwa kwenye kanuni ya 919. Baba Katekista aliijua kwa namba na aliitaja bila kuulizwa. Kufunga kavu kumeingia kutoka vikundi vya maombi, watu wakakuona ndiko kufunga kwenyewe.

Baridi nayo. Juni na Julai hapa kwetu usiku unaweza kushuka chini ya nyuzi 10, na mikesha mingi hufanyika uani. Baridi hubana mishipa, damu hupita polepole, chembe zinapata nafasi ya kukwama. Miezi hiyo alikuja kliniki na kofia ya sufu, koti zito, soksi jozi mbili, watu wakimcheka. Mkesha alihudhuria mpaka saa tatu usiku, kisha akaaga. Vijana wenye SS aliwaagia pia, kwa majina, ili wasione haya kuondoka.

Kliniki yenyewe ilikuwa ya watoto, kwa kuwa wagonjwa wa SS wanaofika utu uzima bado hawajatengewa mahali pengi pa kuwapokea. Kwa hiyo mzee mwenye mvi alingoja kwenye benchi fupi, magoti karibu na kidevu, katikati ya akina mama na watoto wao. Akina mama walimtazama kuliko walivyonitazama mimi. Wengi walikuwa wameambiwa mtoto wa SS hafikishi ishirini.

Waliambiwa mengi. Kwamba damu ya mtoto inanywewa usiku, kwamba kuna shangazi anatajwa kwenye maono. Yeye mwenyewe aliwahi kupelekwa kwenye chumba cha maombi akatakiwa amtaje mlozi wake. Aliwajibu: «S moja nilipewa na baba, nyingine na mama. Kama ni ulozi, walozi ni wawili, na wote wawili nawaombea kila siku.» Nimelitumia jibu hilo kwa familia nyingi kuliko maelezo yoyote niliyojifunza chuoni.

Dawa alizimeza kwa saa. Asidi foliki kila siku, kwa sababu uboho unaotengeneza chembe mpya bila kupumzika unaimaliza. Maji ya matembele aliyoletewa na waumini aliyanywa kwa adabu. Hayadhuru, lakini damu haipotei kwa kukosa mboga. Hidroksiurea aliianza akiwa mtu mzima. Dawa hiyo huamsha hemoglobini F, ile ya mtoto aliye tumboni, ambayo haishikani na S. Utafiti uliofanyika Kinshasa, Angola, Kenya na Uganda, ukachapishwa mwaka 2019, ulionyesha watoto wanaoitumia wanapata maumivu kidogo, malaria kidogo, na vifo vinapungua. Inadai kupimwa damu mara kwa mara, na kwa wengi bei bado ni mzigo. Kwake ilipunguza maumivu. Nyonga ilikuwa imeshaharibika, kichwa cha mfupa wa paja kimekufa kwa kukosa damu. Ndiyo maana wengine walipopiga magoti yeye alibaki wima, ameshika nguzo.

Jambo moja tulibishana hadi mwisho. Alifundisha wachumba, na somo la kwanza aliwatuma wakapime hemoglobini kabla mali haijapelekwa kwa wakwe. Wakongomani wenye AS, yaani S moja tu pamoja na A ya kawaida, ni wengi, hukadiriwa kuwa 20 hadi 30 katika kila 100. AS wawili wakioana, kila mimba ina robo ya uwezekano wa kuwa SS. Mimi nilitaka awaambie waachane. Alikataa.

«Dokta, kazi yangu ni wajue kabla ya kuapa. Kiapo ni chao.»

«Baba, na mtoto atakayeumwa?»

«Mimi nilikuwa huyo mtoto.»

Sikuwa na jibu, lakini sikukubali, na hata leo sijakubali kabisa. Watoto wengi ninaowapokea huletwa na miaka miwili au mitatu, vidole vimevimba, wameshaongezwa damu na hakuna aliyewapima. Halafu wakaja wawili kati ya wachumba aliowafundisha, AS kwa AS, waliooana wakijua. Walimleta mtoto akiwa na wiki sita, hajaumwa hata siku moja. Kipimo kilionyesha F na S, bila A. Penisilini ilianza mwezi ule, asubuhi na jioni, mpaka afikishe miaka mitano. Chanjo ya nimonia imekamilika. Mama anajua kupapasa bandama na anajua kwamba homa ya 38.5 haingoji kesho. Baba yake aliniuliza kama bado nafikiri wasingeoana. Nilimwambia ndiyo, kisha nikamwandikia tarehe ya kurudi.