Glasi ya metali ikishachomelewa kwa leza, msiirudishe kwenye tanuri

Maabara yetu inazidi kupokea vipande vya glasi ya metali (metali iliyoganda bila atomu zake kujipanga katika fuwele) vilivyokatika pembeni mwa mshono, na karibu kila anayeleta analalamikia mashine ya leza. Mara nyingi leza haina kosa. Kosa ni joto lililofuata.

Chukua Vitreloy 1, aloi ya zirikoni, titani, shaba, nikeli na berili, iliyotangazwa mwaka 1993 na Atakan Peker na William Johnson wa chuo kikuu cha Caltech, Marekani. Ikiwa imeyeyuka, inatosha ipoe kwa takriban nyuzi 1 kwa sekunde ili igande bila kufanya fuwele. Ukiipasha kutoka hali ya ubaridi, mambo yanageuka: lazima ipande kwa nyuzi zipatazo 200 kila sekunde ndipo iyeyuke ikiwa bado glasi. Mbegu za fuwele huzaliwa kwenye joto la chini, ambako hazikui kwa kasi. Aloi inapopoa, zinazaliwa zikiwa zimechelewa. Inapopanda, zinapitishwa kwenye joto linalozikuza upesi.

Ndiyo maana mshono wenyewe, ulioyeyuka na kupoa haraka, hutoka salama, na ukanda wa jirani, uliopata moto bila kuyeyuka, ndio unaofanya fuwele na kuharibika. Kwenye darubini, glasi isiyo na fuwele ikivunjika huonyesha mistari inayotawanyika kama mishipa. Ukanda wenye fuwele huvunjika bapa, bila mishipa hiyo. Dawa ni kuendesha leza kwa kasi, kupunguza joto linaloingia, kuweka bamba la shaba chini na kupuliza gesi ya argoni. Usirudie kupita juu ya mshono kwa ajili ya urembo. Kila unapopita unaongeza muda wa ukanda uleule kukaa kwenye moto.

Sasa tanuri. Tunaambiwa kila mara kwamba chuma kikichomelewa lazima kitulizwe kwa joto. Hiki si chuma, jamani! Hata ukibaki chini ya nyuzi 350 za Selsiasi, ambako aloi hii huanza kulegea, saa kadhaa za joto zinawafanya atomu wajipange karibu zaidi, na kipande kinakuwa chepesi kuvunjika. Ukizidisha, fuwele zinatapakaa kote.

Anayetaka kupimiwa alete mambo haya pamoja: nguvu ya leza, kasi, kipenyo cha doa la mwanga, gesi iliyotumika, idadi ya mipito, cheti cha mchanganyiko wa aloi, na kipande kisichochomelewa kilichotoka kwenye umwagaji uleule wa aloi iliyoyeyushwa. Bila kipande hicho cha mwisho hatuna cha kulinganisha nacho, na maombi yanarudishwa. Kumbukumbu ya uchomeleaji iliyojazwa baada ya tukio inafuta ripoti yetu nzima, hata kama imeshasainiwa, na aliyepewa nakala anaarifiwa kwa barua. Ukichomelea tena baada ya kupimiwa, ripoti ya awali haikuhusu tena. Unaomba upya tangu mwanzo.

Usisage mshono kabla ya kuuleta. Unafuta ushahidi tunaoutafuta, na vumbi la berili likivutwa huleta ugonjwa wa mapafu usiopona na saratani. Hapa hatuna msamaha: kipande kilichosagwa hakipiti mapokezi mpaka kiwe ndani ya mifuko miwili iliyofungwa, na jina la aloi limeandikwa nje.