Je, wajua? Mstari mwekundu wa kipimo cha malaria ni dhahabu

Ukienda kupima malaria kwenye zahanati hapa Moshi, unachomwa kidole, tone la damu linawekwa kwenye kile kibao cheupe cha plastiki, yanaongezwa matone ya dawa, kisha mnasubiri kama robo saa. Wekundu unatambaa, halafu unatokea mstari mmoja, au miwili. Wengi hudhani ni damu. Kwenye vipimo vingi, mstari ule ni dhahabu.

Dhahabu nyekundu? Ndiyo. Ikiwa katika chembe za nanomita 20 hadi 40 hivi (unywele mmoja una unene wa karibu nanomita 80,000), haina tena umanjano wa pete. Mwanga ukizipiga, elektroni zake hutikisika kwa pamoja na kumeza rangi ya kijani. Jicho linabakiwa na wekundu. Mwanasayansi Mwingereza Michael Faraday aliueleza wekundu huo mwaka 1857.

Kila chembe imevikwa kingamwili, yaani protini za kinga zinazonasa kitu kimoja maalumu, na kingamwili humtambua mlengwa wake. Kwenye malaria mlengwa ni protini ya kimelea. Chembe zikiikamata, husafiri nayo kwenye karatasi hadi penye kingamwili nyingine zilizopangwa kwa mstari. Hapo hunaswa, zinarundikana, na rangi inaonekana.

Sasa badilisha kingamwili tu. Weka zinazoitambua PSA, protini inayotengenezwa na tezi dume, na kibao kilekile kinapima kiashiria cha saratani. Vibao hivyo vipo tayari. Ugumu uko kwenye kiasi: kiwango ambacho kwa miaka mingi kimewashtua madaktari ni nanogramu 4 kwa mililita moja ya damu, na nanogramu ni gramu iliyogawanywa mara bilioni. Jicho peke yake haliwezi kupima hivyo. Ndiyo maana watafiti huzibandika chembe za dhahabu kwenye elektrodi, kipande kidogo kinachopitisha umeme: protini ikinasa, mkondo wa umeme hubadilika, na kifaa kinatoa namba, kama kile cha kupimia sukari.

Baba zetu walijue hili: PSA hupanda pia tezi ikitanuka kwa umri au ikipata maambukizi. Saratani huthibitishwa kwa kinyama kinachokatwa na kutazamwa kwa hadubini. Ila mzee wa Rombo akipata namba yake siku ileile, anaweza kupanda gari la kwenda KCMC, hospitali ya rufaa hapa Moshi, kesho yake asubuhi, barua ya rufaa mkononi, badala ya kurudi nyumbani kusubiri simu.