Je, wajua kwa nini gemu ya mkakati unaweza kuibadilisha kwa Notepad tu?

Fungua folda ya Battle for Wesnoth, gemu ya mkakati ya bure iliyoanzishwa na David White mwaka 2003, uchimbe hadi kwenye faili za vikosi. Utamkuta askari wa mkuki ameandikwa kwa maandishi ya kawaida, hana kufuli wala nywila. Baadhi ya mistari yake inasomeka hivi: hitpoints=36, movement=5, cost=14. Yaani ana pointi 36 za uhai, anatembea hatua 5 kwa zamu, na kumwajiri ni dhahabu 14. Futa 36, andika 360, sevu, washa gemu. Umeshatengeneza modi, yaani badiliko lako mwenyewe la gemu, hata kama ni ya kijinga.

Inawezekanaje? Injini ya gemu, ile programu inayochora ramani na kupiga hesabu za vita, haimjui huyo askari. Inachojua ni kusoma orodha. Gemu inapowaka, injini hupitia faili na kuuliza: nani yupo, ana nguvu kiasi gani, anagharimu nini? Gemu za mkakati zina mamia ya vikosi, majengo na teknolojia, na namba zake hubadilishwa kila kukicha wakati gemu inatengenezwa. Kama kila badiliko lingedai programu nzima ijengwe upya, watengenezaji wangekuwa wa kwanza kuchoka. Kwa hiyo mlango huu waliufungua kwanza kwa faida yao wenyewe. Sisi tumeingilia humo humo.

Lugha ya maandishi hutofautiana. Wesnoth ina yake, iitwayo WML. Civilization IV ya mwaka 2005 ilitumia XML na Python. Hearts of Iron IV hutumia faili za maandishi zenye mabano mengi hadi macho yanauma.

Ukishajaribu ile 360, acha kugusa faili za asili, maana sasisho likija litazifuta. Tengeneza folda yako. Kwa Wesnoth inakaa ndani ya add-ons, na lazima iwe na faili iitwayo _main.cfg, ndiyo injini huianzia. Nakili askari wa mkuki humo, mpe id (jina la utambulisho) mpya ili asigongane na wa zamani. Halafu ukiwa ndani ya mchezo wa peke yako andika :debug, kisha :create na ile id, naye atatokea pale kishale kilipo. Raha ya kumwona mara ya kwanza haielezeki.

Kinachokatisha tamaa ni makosa yasiyopiga kelele. Bano moja lisipofungwa, kikosi kizima kinaweza kutoweka bila gemu kukwambia lolote kwenye kioo. Gemu za Paradox, kampuni ya Hearts of Iron IV, huandika malalamiko yao kwenye faili ya error.log, na anayeanza asiyeijua faili hiyo hubaki kubahatisha usiku kucha. Mtego mwingine wa huko huko: faili za majina zinatakiwa zisevuwe kwa UTF-8 yenye BOM, yaani mtindo wa kuhifadhi herufi wenye alama maalumu mwanzoni mwa faili. Ukisahau, badala ya jina zuri ulilobuni utaona msimbo mtupu. Notepad++, programu nyingine ya kuandikia, inakuonyesha faili imesevuwa kwa mtindo gani.

Wengine walianza na modi wakafika mbali. Forgotten Empires ilikuwa modi ya mashabiki wa Age of Empires II. Mwaka 2013 ikageuzwa kuwa nyongeza rasmi. Lakini hao walikuwa timu, kwa hiyo ndoto ya himaya kumi mpya iache kwanza.

Bora uhangaike na namba moja. Mkuki wa yule askari unapiga 7 mara tatu. Mapigo yote yakipata, na mchana au usiku usipoongeza wala kupunguza nguvu ya pigo, ni 21. Adui mwenye uhai 24 anabaki na 3, anakimbilia kijijini kujitibu. Geuza 7 iwe 8: ni 24 kamili, adui amekufa. Kwa pointi moja tu kuongezwa kwenye kila pigo, mbinu ya kurudi nyuma imekufa naye, na kila mtu atanunua mikuki. Dhahabu 14 sasa ni bei ya bure. Weka 16, cheza tena, uone.