Kulinganisha Mizunguko ya Injini Wakati wa Kushusha Gia

Kulinganisha mizunguko ni tendo la dereva la kukanyaga mafuta kidogo huku klachi ikiwa imekanyagwa, ili injini ipande hadi kasi itakayodaiwa na gia ya chini anayoiingiza. Yeyote anayetaka kubadilisha gia upesi katika gari la michezo lenye gia za mkono anapaswa kuielewa dhana hii kabla ya kuhangaikia wepesi wa mkono wake.

Tuseme gari linakwenda katika gia ya nne yenye uwiano wa 1.2 (yaani injini huzunguka mara 1.2 kila shafti inayotoka kwenye gia boksi inapozunguka mara moja), injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, na gia ya tatu ina uwiano wa 1.6. Kwa mwendo uleule, gia ya tatu itaidai injini mizunguko 4,000. Lakini dereva anapokanyaga klachi na kuacha mafuta, mizunguko huanza kushuka badala ya kupanda. Akiachia klachi katika hali hiyo, kazi ya kuipandisha injini huangukia magurudumu: gari hushtuka, pua huinama, sahani ya klachi husuguliwa bure, na katika barabara ya murram yenye vumbi laini, gari linaloendeshwa kwa magurudumu ya nyuma linaweza kuteleza mkia kabla halijaingia kwenye kona.

Wengi hudhani kwamba sinkronaiza imekwisha kuutatua ugumu huu. Hiyo ni pete, mara nyingi ya shaba, ambayo kwa msuguano husawazisha kasi ya gia na ya shafti yake kabla meno hayajashikana. Wakati huo klachi imeitenga injini, kwa hiyo pete hiyo haiigusi kabisa mizunguko ya injini, na anayelazimisha mkono wa gia kwa haraka huichakaza tu. Kukanyaga klachi mara mbili, mara moja kutoa gia na mara ya pili kuingiza nyingine, kama walivyofanya madereva wa malori ya zamani yasiyo na sinkronaiza, ni ufundi mzuri kuujua, ila katika gari la leo lenye gia boksi isiyo na hitilafu naona unapoteza muda.

Ugumu wenyewe huja kabla ya kona, pale breki, klachi na mafuta vinapotakiwa kwa wakati mmoja na miguu ni miwili. Sehemu ya mbele ya wayo wa kulia hubaki juu ya breki, mguu wa kushoto hukanyaga klachi, mkono wa kushoto (kwa kuwa Uganda usukani uko kulia) huvuta gia, na ukingo wa wayo wa kulia, au kisigino, huigonga pedali ya mafuta mara moja kwa wepesi. Mgandamizo wa breki haupaswi kubadilika hata kidogo wakati kifundo kinapopinda, na hapo ndipo wanafunzi wengi hukwama. Katika mashindano ya magari ya Uganda kama Pearl of Africa Rally, magari ya daraja la Rally2 yana gia za mfuatano, zinazobadilishwa moja baada ya nyingine, mara nyingi bila kukanyaga klachi. Mbinu hii ya miguu huwafaa zaidi wenye Subaru na Mitsubishi za zamani zenye gia boksi ya kawaida.

Kupandisha gia ni kwepesi zaidi, kwa sababu injini hushuka yenyewe mafuta yanapoachwa. Inatosha kuiachia klachi mizunguko inapofika mahali pake.

Mazoezi yaanze gari likiwa limesimama, ili mguu uzoee jinsi injini inavyoitikia, kisha katika njia nyoofu iliyofungwa, kutoka gia ya nne hadi ya tatu bila breki. Foleni ya Kampala, pamoja na bodaboda zake, si uwanja wa kujifunzia. Pua ikiinama klachi inapoachiwa, mafuta yalikuwa machache. Gari likisukumwa mbele, yalizidi. Na yakilingana, abiria hutambua kubadilika kwa gia kwa sauti ya injini pekee.