Texas Western hawakuanza mwaka 1966

Husemwa kwamba kocha Don Haskins alifika chuo cha Texas Western, mjini El Paso, akasajili wachezaji weusi na msimu huohuo akatwaa ubingwa wa mpira wa kikapu wa vyuo vya Marekani. Sivyo. Haskins alianza kazi 1961, na alimkuta kikosini Nolan Richardson, kijana mweusi wa El Paso, ambaye baadaye, akiwa kocha wa chuo cha Arkansas, alitwaa ubingwa wa 1994.

Wala hawakuwa mabingwa wa kwanza kuwategemea wachezaji weusi. Chuo cha San Francisco walibeba kombe 1955 na 1956 wakiwa na Bill Russell, nyota mweusi. Chuo cha Loyola ya Chicago, mabingwa wa 1963, walianza na weusi wanne kati ya wachezaji watano. Hao, kwa maoni yangu, wamesahaulika isivyo haki.

Jipya la Machi 19, 1966 lilikuwa hili: weusi watano walianza fainali dhidi ya chuo cha Kentucky, timu ya weupe pekee. Haskins alitumia wachezaji saba tu, wote weusi, wakashinda 72 kwa 65. Chuo cha Texas Western leo kinaitwa UTEP, yaani Chuo Kikuu cha Texas mjini El Paso.