Mtumbwi Begani: Hesabu za Nchi Kavu

Watu wa Nairobi wanaojiandaa kwenda Boundary Waters, kaskazini mwa Minnesota, Marekani, huuliza kwanza kuhusu kupiga kafi. Kafi utaizoea. Kinachomaliza watu ni nchi kavu. Eneo lile lina maziwa zaidi ya 1,000, na kati ya ziwa na ziwa unashuka, unabeba mtumbwi na mizigo yote kwenye kijia cha msituni, kisha unaingia majini upya. Kipande hicho huitwa potaji.

Ramani za kule hupima potaji kwa rodi. Rodi moja ni futi 16.5, yaani mita 5 hivi, karibu urefu wa mtumbwi wenyewe. Rodi 100 ni nusu kilomita, na hapo ndipo watu hudanganyika. Mzigo ukihitaji raundi mbili, unaenda umebeba, unarudi mikono mitupu, unaenda tena: kilomita moja na nusu. Potaji tano za namna hiyo kwa siku ni kilomita 7.5 za miguu.

Mtumbwi wa Kevlar (nyuzi nyepesi zilizo imara) wa watu wawili una kilo 20 hivi, sawa na ule mtungi wa maji wa lita 20. Wa alumini wa futi 17 hukaribia kilo 34. Kukodi wa Kevlar ni ghali zaidi, lakini lipa tu. Ubaya wake ni kwamba hauvumilii mawe. Usiuburute ufukweni, shuka maji yakiwa chini ya goti, mtumbwi ukiwa bado unaelea. Anayeogopa kulowesha viatu ndiye anayetoboa mtumbwi.

Kuuinua kuna namna yake. Simama ubavuni katikati, kunja magoti, shika ukingo wa karibu, uvute mtumbwi ukae juu ya mapaja. Peleka mkono mmoja kwenye ukingo wa mbali. Sasa sukuma kwa nyonga, mgongo usiiguse kazi hii, uuzungushe juu ya kichwa mpaka nira itue mabegani. Nira ni ule ubao wa katikati wenye vitakia viwili vya mabega. Tezi (nyuma) izidi omo (mbele) uzito kidogo, ili omo inyanyuke uone njia. Ikiinama utatembea ukitazama vidole vyako huku mikono ikichoka kuisukuma juu. Makafi yafunge ndani kwa kamba. Chochote kinachoning'inia kitabembea na kukuyumbisha.

Kwa mazoezi, tia mitungi minne ya lita 5 mkobani uende msitu wa Karura: nusu kilomita na mzigo, nusu kilomita mtupu, nusu kilomita na mzigo. Ukizoea, hamia Ngong Hills, maana potaji haina ulaini wa Karura. Ni mizizi, tope na mawe yanayoteleza, na kinachoteguka ni kifundo cha mguu.

Kafi jifunzie Naivasha, asubuhi, pamoja na mwenyeji anayejua viboko wako wapi. Mchana upepo huamka. Minnesota hakuna viboko, ila upepo una tabia iyo hiyo: ondoka alfajiri, uwe kambini mapema alasiri, na ufuate ufuo badala ya kukata katikati ya ziwa. Mwezi Mei, barafu ikiwa imeyeyuka juzi tu, ukipinduka mbali na ufuo baridi itakumalizia nguvu kabla hujafika.

Chakula kikavu, gramu 800 kwa mtu kwa siku: wawili kwa siku tano ni kilo 8. Vyakula vya mikebe na chupa za glasi haviruhusiwi. Mchele, dengu, njugu na unga wa mahindi vinatosha. (Kule dengu huiva haraka kuliko hapa: Nairobi maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi kwa sababu ya mwinuko.) Usiku mfuko wa chakula uning'inie mita 3.6 kutoka ardhini na mita 2 kutoka kwenye shina, dubu weusi wasiufikie. Tafuta tawi kabla ya giza.

Kuanzia Mei 1 hadi Septemba 30, vibali vya kulala hugawanywa kwa kila lango la kuingilia, na kundi lisizidi watu 9 na mitumbwi 4. Kabla hujalipia lango, jumlisha rodi za njia nzima, zidisha kwa tatu, kisha kwa mita 5. Jibu likikutisha, toa vitu mkobani mpaka raundi mbili ziwe moja, au chagua lango lingine.