Je, wajua kwa nini tuktuk mpya ikiwa mbovu hupewi nyingine?

Tuktuk imetoka shorumu juzi tu, nailoni bado iko vitini. Wiki ya pili, abiria wa Watamu wakiwa ndani, inafika Gede gia zinagoma. Fundi wa kampuni anatengeneza, inarudi stejini Malindi, inagoma tena. Mwenyewe anauliza: si waliounda waichukue wanipe nyingine?

Marekani angeweza kuwabana. Jimbo la Connecticut lilitunga sheria ya magari mabovu mwaka 1982, na majimbo mengine yakafuata. Kwa sheria hiyo, kasoro ileile ikitengenezwa mara 4 bila kupona, au gari likilala gereji siku 30, mwenye gari ana msingi wa kudai kampuni ilinunue tena au impe jingine.

Kenya hatuna sheria yenye hesabu ya namna hiyo. Waliounda wako India, na wewe hukuuziana nao. Uliuziana na ajenti. Waranti nayo, ukiisoma kwa utulivu, kwa kawaida inaahidi kutengeneza au kubadilisha kifaa kilichoharibika, si chombo kizima.

Wa kumshika ni muuzaji. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, kifungu cha 16, inamtaka mfanyabiashara auze mali yenye ubora unaofaa. Kasoro ikiwa nzito, unaruhusiwa kuikataa mali na kudai pesa zako.

Lakini haki hiyo ina muda, na wengi huipoteza kwa uungwana wao. Ajenti anasema "njoo wiki ijayo", unaitikia, unaendelea kubeba abiria. Ukikaa na chombo kwa muda wa kutosha bila kusema unakikataa, sheria inakuhesabu umekipokea. Hapo huwezi tena kukirudisha. Unabaki kudai fidia. "Muda wa kutosha" ni siku ngapi? Haikuandikwa, hakimu ndiye atakayepima. Kwa hiyo andika barua mapema, utaje kasoro na useme waziwazi unakikataa chombo, kisha nakala yako igongwe muhuri. Si lazima ukikokote hadi dukani, mradi muuzaji ameshajua. Ila ukishakikataa, usikiingize tena barabarani kutafuta hesabu ya siku.

Kila ukienda gereji, dai karatasi yenye tarehe, kilomita na malalamiko yako kama ulivyoyasema: "gia ya tatu inaruka". Wakiandika "ukaguzi wa kawaida", kataa kutia sahihi. Maneno hayo matatu yanaweza kuizika kesi nzima.

Kama ulikopa, mkopeshaji pia mjulishe kwa barua, maana huenda jina lake limo kwenye logibuku. Malipo usiyasimamishe, mkopo ni mkataba mwingine.

Muuzaji akikaza shingo, Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, na bei ya tuktuk haifiki hapo. Unaweza kujisimamia bila wakili, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60.

Aliyenunua gari la mtumba kutoka Japani yadini ana kazi zaidi. Akilikagua kabla ya kununua, kasoro ambazo ukaguzi ule ulipaswa kuzifichua hawezi kumdai nazo muuzaji chini ya kifungu hichohicho cha 16. Basi fundi unayekwenda naye awe anayejua kazi, si jamaa wa kukusindikiza tu.